Kocha Tarpley aitwa Marberry

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku ya Jumatano, Lemuel Tarpley anasukuma mashine ya kuchora mistari katika uwanja wa Chuo cha Lathrop, mjini Sweetgum, Alabama. Rangi nyeupe inatoka kwa kukohoakohoa. Baridi inauma, nyasi zimelala, na Jumamosi kuna mchezo wa mtoano.

Tarpley, mwenye miaka 46, ndiye kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani hapa. Ndiye pia mchora mistari na mfua jezi, na mashine ya kukatia nyasi ikigoma ndiye fundi wake.

Anafika katikati ya uwanja, anasimama. Nje ya uzio kuna gari limewasha taa. Alilikuta hapo alipokuja kazini.

Anaendelea kusukuma, lakini mstari unaanza kupinda. Mwishowe anaiacha mashine na kwenda uzioni. Dirisha la gari linashuka. Ndani kuna mtu wa makamo, kofia ya kijani ya Chuo Kikuu cha Marberry kichwani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Umeamkaje, Kocha?"

"Salama. Umepotea njia, kaka?"

"Sijapotea. Nimeendesha saa nne nzima. Nimekuja kukutazama tu."

"Kunitazama?"

"Ulivyo. Mke wangu kasema una macho ya upole. Nikamwambia, pale kwetu upole hauna kazi." Anacheka kidogo. "Endelea, Kocha. Mimi usinijali."

Tarpley anarudi kwenye mashine yake. Ule mstari uliopinda ataufunika baadaye kwa rangi ya kijani.

"Hakunitukana wala hakunitisha," anasema. "Lakini nilimaliza uwanja mzima nikitazama zile taa."

Yote yalianza Jumatatu, kwa sababu ya ndege.

Marberry, wenye uwanja wa watu elfu tisini, walikuwa wamemfukuza kocha wao wiki mbili nyuma. Majira haya ya kufukuzana na kuajiriana, mashabiki huifuata ndege ya chuo kwenye simu zao kama mwindaji na nyayo. Ikitua mji fulani, basi kocha wa mji huo ndiye mteule, na mjadala umefungwa.

Jumatatu ile ndege ya Marberry ilitua Sweetgum. Ilishushwa na ukungu. Ndani mlikuwa na rubani na wahasibu wawili waliotoka mkutanoni. Lakini kabla wahasibu hao hawajapewa hata maji ya kunywa, watu mia mbili walikuwa wamejaa kwenye geti la uwanja wa ndege wakiimba jina la Tarpley.

"Mimi nilikuwa nafua jezi," anasimulia. "Simu ikaanza kulia, haikunyamaza. Mama wa mchezaji wangu mmoja akaniambia, 'Kocha, ulikula kuku wangu mezani kwangu, ukaniahidi utamlea mwanangu mpaka amalize chuo. Kumbe ulikuwa unakula tu?' Nami hata sijui anazungumzia nini."

Simu yenyewe hasa ilikuja Jumanne mchana. Mpigaji alikuwa Grady Whitlow, mkurugenzi wa michezo wa Marberry.

"Nisikufiche, Kocha," alimwambia. "Kwenye orodha yetu ulikuwa wa tano. Lakini naona watu wamekupenda. Tuzungumze."

Lathrop wanamlipa Tarpley dola 61,000 kwa mwaka. Marberry walitaja milioni nne kwa mwaka, miaka sita. Jibu walilitaka Alhamisi, saa sita mchana.

Wapo wanaodhani makocha hukimbilia vyuo hivyo kwa ajili ya fedha peke yake. Tarpley anatikisa kichwa. Anasema pale Marberry wachezaji wana madaktari wao na wapishi wao, wakati yeye kila mwaka huandika barua kuomba gari moja tu la wagonjwa likae karibu na uwanja. Tena kuna njaa nyingine.

"Kocha akikwambia hapataki pale, huyo ni mwongo. Kila mmoja wetu anataka kujua kama kweli anaweza, au amekuwa akiwashinda wadogo wenzake tu."

Lakini kuna jambo lililomkaa rohoni tangu aiweke simu ile chini. "Kazi iliyoletwa na kelele itaondolewa na kelele," anasema.

Jumatano hiyo hiyo jioni, mkewe Vernetta, muuguzi wa zahanati ya mji, alikaanga kambare na kuvuta mapazia. Kulikuwa na magari mawili ng'ambo ya barabara. Binti yao Charnelle, mwenye miaka 16, alikuwa amepokea ujumbe zaidi ya mia tatu kutoka kwa watu asiowajua. Mmoja alimtumia picha ya nyumba yao, imepigwa siku ile ile, baiskeli yake inaonekana barazani. Chini yake pameandikwa: *Karibuni nyumbani.*

"Umeamuaje?" Vernetta akauliza.

"Nitakataa. Nitawaambia ni kwa ajili ya familia. Charnelle bado anasoma, sitaki kumhamisha."

Maneno hayo, 'kwa ajili ya familia', kila kocha wa Marekani ameyakariri. Anayekataa kazi huyasema, na anayefukuzwa huyasema. Hakuna anayeuliza zaidi.

Charnelle aliweka uma chini. "Mimi?"

"Wewe na mama yako."

"Baba, mimi mji huu umenichosha. Duka la maana liko maili arobaini. Umeniuliza?"

"Charnelle, taratibu," mama yake akamwambia.

"Hapana, mama. Kesho shuleni mimi ndiye niliyemnyima baba yangu milioni nne. Akizeeka atakuwa ananitazama hivyo hivyo. Kama anaogopa, si aseme anaogopa yeye?"

Tarpley akamgeukia mkewe amwokoe.

"Usinitazame mimi," Vernetta akasema. "Nimekufuata miji saba, mume wangu. Wa nane utanifanya nini? Mtoto kakusoma. Sema."

Ndipo akawasimulia habari ambayo kwa miaka kumi na saba hakuwa ameifungulia kinywa.

Wakati huo alikuwa kocha msaidizi mdogo kuliko wote katika chuo kimoja kikubwa, chini ya kocha aitwaye Hollis Pruett. Walipopoteza mchezo wa nne, mashabiki walichomeka vibao vya *Nyumba Inauzwa* kwenye nyasi za Pruett. Vilikuwa kumi na kimoja. Mke wa Pruett aliving'oa kimoja kimoja, akavipanga gereji.

Asubuhi moja Tarpley alikwenda kumchukua bosi wake, akakuta lori la kuhamisha vyombo mlangoni. Wapagazi walikuwa wamekodiwa na watu wasiojulikana. "Tumeambiwa mnahama," walisema, na wao walikuwa wameamini hivyo kweli. Pruett alikuwa bado hajafukuzwa. Akawa anabishana nao pale kibarazani, amevaa soksi tu.

Wakati wanabishana, binti yake wa miaka sita alitoka ndani na mto wake wa kulalia. Akampa mpagazi. Akarudi ndani, akaja na viatu vyake vya kanisani, akampa na hivyo.

"Hakulia," Tarpley aliwaambia mkewe na bintiye. "Alikuwa anasaidia. Pruett alifukuzwa siku tisa baadaye, na mimi naye. Lakini kila simu kubwa ikilia, namwona yule mtoto anashuka ngazi."

Kisha Vernetta akamwongeza kipande cha samaki, Charnelle naye akasogeza kiti karibu na baba yake, bila kuyafuta aliyoyasema.

Alhamisi, saa sita kasoro dakika tano, Tarpley alijifungia katika chumba cha kufulia akapiga simu.

"Sitakuja, Bwana Whitlow."

"Familia?" Sauti ya kalamu ilisikika upande wa pili. "Sawa. Tutaandika familia."

"Usiandike hivyo. Familia yangu iko tayari. Ninayeogopa ni mimi."

Kalamu ya Whitlow ilisimama.

"Kocha, mimi hilo siwezi kuliandika."

"Basi usiandike kitu."

"Ngoja nikwambie, na hili libaki kati yetu," Whitlow akasema, sasa kwa sauti ya chini. Anapofika hapa Tarpley anasema alilosikia hatalitoa, ila aliposhusha simu alimwonea huruma yule bwana mkubwa. Mchuma janga hula na wa kwao, na wakubwa kama Whitlow nao wana wa kwao nyumbani.

Saa tisa alasiri Marberry walitoa taarifa yao. Ilisema Kocha Tarpley amekataa kwa ajili ya familia.

Hazikupita dakika kumi simu ya Charnelle ikaanza kutetemeka. Waliomkaribisha jana yake sasa walikuwa wanamlaani. Mmoja alimwandikia: *Tunajua ni wewe.*

Tarpley aliusoma. Akavaa koti, akaenda redio ya mji, jengo dogo nyuma ya benki, akaomba dakika mbili.

"Binti yangu hahusiki, mke wangu hahusiki," alisema hewani. "Niliitwa nikaogopa. Mwenye neno aje kwangu."

Walikuja. Mpigaji wa kwanza alitaka kujua kocha mwoga atawafundisha nini watoto wa watu. Wa pili alicheka tu, akakata. Mzazi mmoja kutoka mji wa Mobile, ambaye mwanawe alikuwa amekubali kujiunga na Lathrop mwakani, alipiga ofisini kusema watafikiria upya. Mkuu wa chuo alimwita, akamwambia angenyamaza tu.

Msaidizi wake Cleavon Battle alimngojea mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo.

"Sasa mzee, kesho kutwa utawaambiaje vijana wakamkabili mtu wa kilo mia na arobaini?"

"Nitawaambia wao hawakupewa nafasi ya kukataa."

Battle alicheka mpaka akajishika ukuta. Tarpley hakucheka.

Ujumbe kwa Charnelle ulipungua Ijumaa, na Jumamosi asubuhi haukuja hata mmoja. Magari ng'ambo ya barabara yaliondoka. Hata hivyo Tarpley bado anavuta mapazia kabla ya chakula, na akipita gari lililowasha taa anageuka kutazama namba zake.

Mwezi Mei mwaka ujao wachezaji kumi na tisa wa Lathrop watamaliza chuo, akiwemo mwana wa yule mama wa kuku, na anataka kuwaona wote wakivaa majoho. Mwaka utakaofuata Charnelle atamaliza sekondari. Wakati huo, anasema, simu ikija ataiweka mezani kwanza, waisikie wote watatu, kila mtu aseme la kwake kwa jina lake.

Anaulizwa kama angependa simu hiyo ije. Vernetta, aliyekuwa anakunja sare yake ya kazi, anaacha kukunja.

"Ningependa," Tarpley anasema. "Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote."