Mstari wa Shavuni mwa Bi Zuhura

Ipo adhuhuri moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, mikono hunifa ganzi. Nakuita mwanangu ingawa sijaota mvi, kwa kuwa u mtoto wa dada yangu na ubishi wangu umeurithi wote.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, sikubali jambo bila kulihoji. Mzee Sudi, mchoraji mkubwa hapa Mji wa Kale, alinichukua nimsaidie kupiga chapa. Alishapita miaka themanini, mikono yamtetemeka, lakini alikuwa amechonga kwenye ubao sura ya marehemu mkewe, Bi Zuhura, akicheka. Bibi yule hakupata kukubali kupigwa picha; sura yake duniani ilikuwa hiyo tu. Ubao ungepakwa wino na kugandamizwa karatasini, zitolewe nakala ishirini, kisha ukatwe isitoke nyingine.

"Kwa nini ishirini? Kwa nini tuukate?"

"Haya, Bwana Kwa Nini," akacheka, "paka wino kwanza, kesi baadaye."

Tukatoa saba. Akateremka msikitini, nami nikabaki nikiutazama ubao. Palikuwa na mstari umepinda, kutoka jichoni hadi mdomoni. Nikasema moyoni, hapa mkono umemponyoka mzee wa watu. Nikachukua patasi nikauchonga wote ukaondoka, nikatoa nakala ya nane. Shavu safi! Nikajisifu.

Aliporudi aliipeleka dirishani.

"Huyu nani?"

"Bi Zuhura."

"U wapi mstari wake?"

"Nimeurekebisha, mzee. Ulikuwa umepinda."

Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni, karatasi mapajani.

"Lile ni kovu, we mwana. Aliangukia kigae utotoni. Kwa ajili ya kovu hilo hakutaka picha. Mimi ndilo nililoanza kulichonga, uso ukafuata."

Kwenye ubao, palipoinuka ndipo pashikapo wino. Ukishapachonga, hapana kurudi. Akaniletea msumeno niukate mwenyewe. Nikaukata vipande viwili. Zile saba zenye kovu akaziandika kuwa ni saba tu badala ya ishirini, basi.

Mwanangu, nilihoji kila jambo isipokuwa lile nililokuwa na hakika nalo. Sikukatazi kushuku, shuku. Lakini anza na hakika yako mwenyewe, na kabla hujaigusa kazi ya mtu, muulize. Mzee Sudi alikuwa msikitini tu, hatua chache, angerudi.

Mola akujaalie ulimi wa kuuliza, na mkono wa kungoja jibu.