Paryati atoka jikoni, adai nyundo yake

Umande haujakauka juu ya majani ya migomba, na Paryati ameshaanza kukanyaga pedali. Chini ni miguu ya cherehani kuukuu. Juu, mahali palipokuwa na sindano, kuna nyundo ya chuma yenye uso mpana kama kisahani cha kikombe. Nyundo inashuka, inapanda, kibati kilicho chini yake kinazunguka kidogo, inashuka tena.

Kokwa ya tunda dogo la mti wa melinjo iliyotoka sasa hivi kwenye mchanga wa moto inalala pale kama jicho la samaki. Mapigo machache, na imekuwa duara jembamba, ukiliinua juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Paryati analibandua kwa kipande kingine chembamba cha bati na kulitandaza kwenye ungo wa mianzi.

"Pigo la kwanza ni la kubisha hodi," anasema bila kuinua macho. "Ukiingia kwa nguvu kabla hajakufungulia, anavunjika vipande."

Hizo ndizo emping, chipsi za melinjo, na hapa Kalisogra, kijiji cha wilaya ya Batang, Java ya Kati, ni kazi ya wanawake tangu enzi za bibi zao. Kokwa lazima ipigwe ingali ya moto. Ikipoa imekufa. Kwa hiyo mkono mmoja hushika nyundo, na mwingine huchukua moto kwa vidole vitupu, siku nzima, miaka nenda miaka rudi.

Paryati, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, alianza akiwa na kumi na moja. Anaonyesha ncha za vidole vyake, laini na zinazong'aa kama kauri.

"Nilipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, ile mashine ya alama za vidole ilinikataa. Nikaweka tena, ikakataa. Karani akaniangalia, akasema, 'Mama, kweli upo?'" Anacheka mpaka pedali inasimama. "Nikamwambia, nipo, mwanangu, ila nimejimenya."

Kwa mkono alikuwa akimaliza kilo nne kwa siku, na kila kilo humpa rupia elfu kumi. Ni pesa ya mchele, tempe ya soya na pilipili, basi. Kwa mashine yake anafika kilo tisa, na vidole havigusi moto, kwa sababu kokwa inaletwa na kijiko kirefu kinachosukumwa na pedali ileile.

Wazo lilimjia akiwa ameketi mbele ya cherehani ya marehemu mama mkwe wake, iliyokuwa imegeuzwa meza ya kuwekea redio. Alikanyaga pedali kwa mchezo tu, akaona gurudumu linavyopanda na kushuka. Ilimchukua misimu mitatu ya mvua kuifanya nyundo ipige bila kusaga.

Siku zote hizo mumewe, Sutarno, alikuwa pembeni akishika taa. Sutarno alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Kokwa zikivunjika, alikuwa akizikusanya, akazitafuna, na kusema, "Endelea kukosea, mama. Leo nimeshiba."

Mashine ilipokubali, ushirika wa kijiji uliitisha mkutano nyumbani kwao. Ilikubaliwa iombwe hataza, yaani haki ya kisheria inayomlinda mwenye kubuni kitu kipya ili mtu mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Wanaume watano waliketi mkekani. Paryati alikuwa jikoni akichemsha chai na kukaanga ndizi.

Katika kijiji hiki hakuna mkutano bila karatasi ya mahudhurio. Hata wakikutana watu wanne kuzungumzia mtaro ulioziba, karatasi itazunguka na kila mmoja atatia sahihi. Wanaochemsha chai hawatii sahihi.

Katibu wa ushirika alipofika kwenye sehemu ya fomu inayouliza majina ya wavumbuzi, alifanya alichofanya kwa kila fomu maishani mwake: alichukua karatasi ya mahudhurio, akanakili. Wanaume watano. Wa kwanza Sutarno, mwenye nyumba. Wa pili Wagino, mchomelea vyuma, ambaye wote humwita Pak, yaani Bwana.

"Hakuna aliyekusudia kuniibia," Paryati anasema. "Hata mimi niliisoma ile fomu, nikaona majina, nikasema vizuri, mwandiko safi. Sikujitafuta humo. Ungejitafuta wewe?"

Aliyemtafuta ni Laras, mwanasheria kijana wa kituo kinachosaidia wabunifu mjini Semarang. Alikuja kuhakiki michoro, akamuuliza Pak Wagino kwa nini kibati kinazunguka kila nyundo ikipanda.

Pak Wagino akakuna kisogo. "Hilo muulize mwenyewe. Yuko jikoni."

Laras aliacha viatu mlangoni akaingia jikoni, na hakutoka kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na masizi kwenye mkono wa blauzi na maswali mengi kwa katibu.

Anasema jambo hilo halikumshangaza. "Katika maombi ya kimataifa ya hataza, ukiwapanga wavumbuzi watano watano, mwanamke hafiki hata mmoja kamili kwa kila watano. Kwenye mitambo ndiyo wanapungua zaidi. Nchi hazilingani: China na Uhispania ni afadhali. Ujerumani na Japani, pamoja na viwanda vyao vyote, ziko nyuma."

Paryati aliposikia hayo mara ya kwanza aliweka chini ungo wake. "Kumbe na huko Ujerumani wanawake wako jikoni wanachemsha chai?"

Laras alimweleza kwamba majina yanaweza kurekebishwa, mradi wote walioandikwa wakubali kwa sahihi zao, na mradi iwe kabla uchunguzi wa ombi haujaanza.

Sutarno ndiye aliyekuwa wa kwanza kutaka jina lake litoke. Wakati huo figo zilikuwa zimemlaza, na alisomewa ile orodha akiwa mkekani. "Mimi, mvumbuzi?" alisema. "Mimi hata kopo la maziwa huita mke wangu anifungulie. Nifute haraka, watu wasinicheke." Akaahidi kwamba atatia sahihi akipata nguvu ya kuketi.

Hakuipata. Alifariki Jumatano moja, mvua ikinyesha, nyundo ikiwa kimya. Paryati hakuikanyaga pedali tena kwa wiki kadhaa. Anasema mlio wake ulikuwa ukimfanya ageuke kumtafuta mwenye taa.

Wakati huo, mfanyabiashara mmoja wa mjini aliusikia uvumi wa mashine. Akaanza kuwatembelea wale wanaume wanne waliobaki, mmoja mmoja, na sigara nzuri mfukoni. Alitaka kununua haki yote, mashine zitengenezwe kwa ajili ya ghala lake peke yake. Kama wangeuza, hakuna mwanamke wa Kalisogra ambaye angeruhusiwa kujitengenezea nyundo ya pedali nyumbani kwake. Paryati mwenyewe asingeruhusiwa.

Laras akapiga simu: muda unakwisha.

"Ningewapata wapi wote wanne kwa pamoja?" Paryati anauliza. "Halafu nikakumbuka. Arobaini ya mume wangu."

Siku ya arobaini, dua ilisomwa jioni, kama desturi. Wanaume waliketi mkekani, wanawake walikuwa jikoni wakifunga wali na kuku wa kupeleka nyumbani kwa kila mgeni. Dua ilipokwisha, Paryati alifuta mikono, akatoka jikoni na karatasi za Laras, akaketi kwenye mkeka wa wanaume.

"Naomba radhi, kina baba," alisema. "Leo chai itachelewa."

Akaeleza. Watatu hawakuwa na neno. Mmoja alikiri kwamba hajui hata mashine inafananaje; siku ya mkutano alifuata ndizi. Wakatia sahihi.

Pak Wagino alikataa.

"Subiri kwanza, Bu Tarno," alisema, akimwita Bu, yaani Mama, kwa kifupi cha jina la mumewe, kama kijiji kizima kinavyomwita. "Bila moto wangu, hiyo mashine ni ndoto ya jikoni tu. Nani alichoma chuma? Nani aliungua macho?"

"Wewe, Pak. Sijakataa."

"Basi?"

"Basi nilikulipa. Na ulipouliza ukate wapi, nani alikuchorea kwa chaki sakafuni?"

"Chaki! Chaki hupigi nayo melinjo!"

Hapo ikasikika sauti kutoka jikoni. Alikuwa Bu Wagino, mkewe, mikono kwenye sufuria ya wali. "Baba Eko! Na lango la msikiti si ulichomelea wewe? Kesho ukamwambie imamu ahame!"

Jikoni kulipasuka kicheko. Mkekani wanaume waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika, maana ni nyumba ya msiba. Pak Wagino alijaribu kukasirika, akashindwa, akajikuta na yeye anacheka.

"Haya, lete kalamu," alisema. "Nimechomelea malango ya kijiji kizima, sijawahi kudai hata nyumba moja. Lakini watu wajue chuma ni changu."

"Chuma ni chako, Pak. Na mashine zote zitakazofuata utachomelea wewe."

Ikabaki sahihi moja. Ya marehemu hutiwa na warithi wake, na binti yao alikuwa ameshatia ya kwake mchana. Paryati alishika kalamu akaliangalia jina la Sutarno. Lilikuwa limeandikwa vizuri, juu kabisa.

"Nilihisi kama namtoa nje ya nyumba yake, tena usiku wa arobaini yake," anasema, na sauti inashuka. "Mkono haukwenda. Halafu nikamkumbuka na lile kopo lake la maziwa. Nikacheka peke yangu, machozi yananitoka. Nikatia sahihi."

Kwa miezi kadhaa hakuna kilichosikika. Mfanyabiashara alirudi mara moja tu, akaambiwa na Pak Wagino kwamba mwenye mali yuko ndani anakaanga mchanga, akamsubiri kidogo, kisha akaondoka.

Mwezi uliopita Laras alipiga simu asubuhi. Marekebisho yamepokewa na hataza imetolewa. Mvumbuzi ni mmoja: Paryati. Jina moja tu, bila la baba wala la mume, kama wengi wa huku walivyopewa na wazazi wao.

"Nililala mchana siku hiyo," anasema. "Mimi silali mchana. Nilijilaza kidogo kwenye mkeka, nikaamka jua limezama, kuku wamejirudisha bandani wenyewe. Mwili wote ulikuwa mwepesi, kama nimetua kuni."

Sasa, mbali na ya Paryati, nyundo nne za pedali zinapiga kijijini, zote zimechomelewa na Pak Wagino. Wenye nazo ni wajane wawili na mabinti wawili wa jirani. Paryati hakuwatoza chochote kwa haki yake. Wamelipia chuma na moto tu. Mwenye ghala yeyote akitaka kuitumia mashine, atakaa na Paryati waelewane, na melinjo itaendelea kupigwa majumbani. Anataka mashine zifike kumi kabla ya mvua kubwa.

Na kuna jambo jingine. Jirani yake, ambaye kijiji kinamwita kwa jina la mumewe, Bu Parman, amegundua namna ya kukausha emping juu ya moshi wa maganda ya melinjo wakati wa mvua bila kuzigeuza rangi. Ametumia makopo na wavu wa kuku, na alimweleza Paryati jambo hilo wakiwa wanaosha vyombo, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa.

Paryati alimwacha na sahani mkononi, akatafuta simu.

"Nikampigia Laras palepale, mikono ina sabuni. Nikamwambia, mwanangu, chukua kalamu. Kuna mtu hapa anaitwa Kasmirah."