Kipande cha Kuhani

Sisi tuliokulia kwenye maghorofa ya Anderlecht, huku ng'ambo, Ijumaa tuliijua kwa pua. Harufu ya mkate wa Maman Rebeka ilishuka ngazi kabla hatujavua mabegi ya shule, nasi tukapanda mbio kuifuata.

Maman Rebeka, jirani yetu wa juu, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Lubumbashi, na Kiswahili chake kilimchekesha mama yangu wa Bukavu. Kila alipokanda unga alikata donge dogo, akaliombea, akalifunga kwenye karatasi ya alumini na kuliunguza ndani ya oveni hadi likawa mkaa. Hilo lilikuwa la kuhani. Kwa kuwa hekalu la Yerusalemu halipo tena, donge hilo haliliwi na mtu. Lakini lazima litolewe kwanza, ndipo mkate uliwe.

Ijumaa moja aliwapikia wajukuu wake wa Auderghem, upande wa pili wa mji, waliokuja kwa nadra. Mishumaa ya Sabato imekwisha kuwashwa, wageni wameketi, nasi kati yao, ndipo akashika kichwa.

"Mungu wangu, nilisahau kipande ya kuhani!"

Na Sabato ikishaingia, kukitoa ni mwiko. Tukaitazama ile mikate miwili inayong'aa kama viatu vipya. Mdogo wangu akaanza kulia.

"Leo kuhani atalala njaa," mama akatania.

"Aa, maman, wewe! Ingekuwa Yerusalemu, tungelala njaa sisi. Amri hii ni ya udongo ya kule. Huku ugenini tunaishika tu tusiisahau."

"Na bado umesahau!"

Akacheka mpaka machozi, akavuta kiti. "Bon. Huku inaruhusiwa: tutakula, tutaacha kipande. Kesho jua ikizama, nitatoa sehemu yake mule. Kuhani ya huku anajua kungoja."

Tukala. Kipande kikafunikwa bakuli, na Jumamosi nzima sisi watoto tukakilinda, hasa dhidi ya mdogo wangu. Nyota zilipotoka, Maman Rebeka akakimega kidogo, akaomba, akaunguza. Kilichobaki akatugawia. Kilikuwa kikavu, na sijala mkate mtamu kuliko ule.

Watoto wa siku hizi wanaletewa mkate mlangoni na kijana wa baiskeli, wala hawaulizi umetoka oveni gani. Zile ngazi sasa zinanukia sabuni tu. Lakini mezani kwangu, kila nilapo na rafiki, mkono wangu bado huacha kipande, kama vile kuna mtu yuko njiani, naye hana haraka.