Wiki Nne kwa Uchache

Chiriku wa Baba alikufa Jumanne alasiri. Aliyemuua ni mdogo wangu wa kike, miaka tisa, kwa bunduki ya plastiki niliyomnunulia mimi. Hilo la bunduki lilikuwa siri yetu wawili.

Hakukusudia. Alikuwa akilenga vikopo vya labani, yale maziwa ya mgando, kwenye roshani yetu mtaani Discovery Gardens, huku Uarabuni. Risasi ya plastiki ikagonga ukuta, ikarudi, ikapenya nyaya za tundu kama ina miadi na ndege.

Sasa, nyumba yetu ilikuwa na sheria, na Mama alizibandika kwenye friji. Ya tano: Atakayefyatua chochote nyumbani kikadhuru, hatoki wiki nne ila kwenda shule. Kwa uchache. Na Alhamisi ile mdogo wangu alikuwa na mashindano yake ya kwanza ya kuogelea. Wiki nzima alikuwa akilala na miwani ya kuogelea usoni.

Mama aliporudi kazini, mtoto alikiri kila kitu isipokuwa jina langu.

"Bunduki umeitoa wapi?"

"Nimeiokota."

"Wiki nne. Khalas."

Bahati nzuri, shuleni tulikuwa tukicheza mahakama. Mwalimu wetu, Mkanada, alitupa kesi ya kwao: mtu kaua kwa bunduki bila kukusudia, na sheria inataka afungwe miaka minne kwa uchache, hata jaji amhurumie vipi. Je, katiba inaruhusu? Mwalimu aliniweka upande wa mshtakiwa, eti nina uzoefu. Huko nikaokota mbinu moja tamu: si lazima umtetee aliye kizimbani tu. Unaweza kumwaza mtu mwingine ambaye sheria hiyohiyo ingemnasa, halafu uone kama adhabu haitii aibu.

Basi nikajifunga taulo jeupe kichwani liwe wigi la wakili, nikasimama mbele ya friji.

"Mheshimiwa Mama."

"Toka hapo, nataka maziwa."

"Sheria ya tano inavunja katiba."

"Katiba gani, wewe? Nyumba hii ina katiba?"

"Ina. Bibi."

Baba, aliyepakata tundu tupu, akainua kichwa. Bibi ni mamake Mama, yuko Mombasa, na kila akipiga simu haagi kabla hajasema tusikilizwe kwanza ndipo tugombezwe.

"Tuseme Bibi amekuja kututembelea," nikasema. "Kashika bunduki ya mjukuu aone inafanyaje, paa! Chiriku chali. Utamfungia mamako wiki nne? Kwa uchache?"

Baba akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na sijui yapi yalikuwa ya chiriku. "Mama watoto, hapo umepatikana," akasema.

Mama alijikaza, akashindwa. Akachukua kalamu, akakata sheria ya tano yote.

"Haya. Sasa nasikiliza, naamua mwenyewe. Wewe mtoto, utamzika ndege wa babako na utamwomba radhi. Alhamisi utaogelea."

Mdogo wangu akanirukia shingoni.

"Na bunduki," Mama akaendelea, akinichungulia chini ya taulo, "iliokotwa wapi?"

Mdogo wangu akafumba mdomo. Angeufumba hivyo mpaka Alhamisi ipite, namjua.

"Niliinunua mimi," nikasema.

Wiki sita. Kumbe sheria niliyoiua ilimnasa mfyatuaji tu, si mnunuzi; sasa jaji aliamua mwenyewe, na kwangu akaamua kupanda. Nilitolewa mara moja tu, Alhamisi, kumngoja mdogo wangu ukingoni mwa bwawa. Aliibuka wa pili kutoka mwisho, meno yote nje, nikamfunika taulo. Lilikuwa lilelile la wigi.