Taa Anazozima Baba

Pikipiki ya baba ni ya zamani, na taa yake ilikuwa inakula umeme wa injini moja kwa moja. Ukivuta mafuta, inang'aa. Ukipunguza mwendo, inafifia mpaka inabaki rangi ya chai ya maziwa. Na baba ni mtu wa kupunguza mwendo. Kwa hiyo penye shimo au kona, pale hasa mtu anapohitaji taa, yeye alikuwa hana.

Baba anashona magodoro ya sufi mjini Bagamoyo. Tunakaa Kaole. Ningependa arudi jua bado lipo, lakini hawezi kuondoka kabla ya kusali Magharibi kwenye msikiti wa jirani na kibanda chake. Wenzake wa safu yao ya sala wamebaki wachache. Nadhani anaona akikosekana yeye pengo litaonekana. Sijamuuliza. Basi anasali, anawasha pikipiki, anarudi na giza, na njia ile siku hizi ina malori ya mchanga.

Mimi nilichotaka ni kimoja tu: wamwone. Jioni moja lori lilimsukumia majanini. Dereva alisimama, akashuka, akamwamkia, akasema alidhani ni mtu wa miguu na tochi ya simu. Namwamini dereva yule. Hata mimi nikimngoja mlangoni nilikuwa siitambui taa ya baba mpaka afike karibu na uzio.

Kumwambia habari ya taa mpya nilichelewa, maana utaanzaje kumwambia baba yako kwamba haonekani? Mwishowe nikasema tu, "Baba, naogopa."

Akanitazama. "Haya, fanya utakavyo, mama." Huniita mama akitaka jambo liishe.

Fundi tuliyempata yuko Mapinga, kando ya barabara kuu, na bodaboda wote wa kule hufungia taa zao kwake. Alimwamkia baba, akaizunguka pikipiki, akacheka.

"Mzee wangu, nikuwekee na zile za buluu zinazokonyeza? Utapita kama msafara wa kiongozi."

"Watu wa Kaole watajipanga njiani wangoje hotuba," baba akasema, "nami hotuba sina."

Fundi akafunga betri kubwa zaidi na taa mbili za LED chini ya ile ya zamani, na swichi pale kidole gumba kinapofika. Akatueleza sote wawili kwamba taa zile hazina kupunguza mwanga, ni kuwasha na kuzima basi. Alitueleza vizuri. Simlaumu.

Jioni ile nilimwona baba tokea mbali. Njia yote ilikuwa nyeupe, mpaka mbuzi wa jirani wakasimama. Nikaingia ndani kupakua wali, moyo umetulia.

Haikupita wiki, kijana wa bajaji anayekaa nyuma yetu akanisimamisha.

"Dada, mwambie mzee awashe taa."

"Anawasha! Namwona na mwanga wake kila siku."

"Unamwona wewe uliye nyumbani. Mimi nikija mbele yake anazima. Juzi nimesikia injini tu inanipita ubavuni. Nimepiga honi mpaka mkono umeuma."

Nilimngoja baba amalize kahawa.

"Baba, eti unazima taa njiani?"

"Nazima."

"Kwa nini?"

"Mtu anakuja mbele yangu, nimmulike machoni? Taa ile kali, mwanangu. Ni sawa na kumfokea mtu hujamsalimia. Nazima, tunapishana, nawasha."

"Sasa ukizima watakuonaje?"

"Wameshaniona kabla. Na wananishukuru. Wengine wanapiga honi."

Nadhani honi zile zilikuwa za hofu, lakini mimi sikuwapo, na huenda wapo kweli walioshukuru. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye amepanda pikipiki kabla sijazaliwa. Na alichosema si uongo. Nami nimewahi kumulikwa na hawa vijana hadi nikakanyaga mtaroni.

Tukarudi Mapinga. Nilimwomba fundi, mbele ya baba, aitoe swichi, taa ziwake injini ikiwaka. Fundi akamgeukia: "Mzee, umeridhia?" Baba akasema ameridhia. Alisema upesi mno. Fundi akaziinamisha taa kidogo pia, akasema akizidisha hapo baba ataona tairi tu.

Sasa gari likitokea mbele, baba anatoka barabarani. Anaugeuza usukani kwenye mikorosho, anasimama, anamulika miti mpaka mwenzake apite, kisha anarudi njiani. Kila gari. Kingo za njia ile zina mitaro na mashina yaliyokatwa, na malori yanapita karibu na tairi lake la nyuma, ambako hakuna taa ya maana. Nimewaza turudishe hali ya zamani, nikakumbuka lile lori. Nimewaza kumnyima ufunguo, lakini mtu mzima na kazi yake unamnyimaje ufunguo?

Jana niliona mwanga umeingia mikoroshoni na haurudi. Nilitoka na kanga moja, mbio. Nikamkuta amekaa juu ya pikipiki, mzima, miguu yote chini.

"Kuna nini, baba?"

"Lipo la pili linakuja."

Kweli lilikuwa linakuja, lori, limejaa mchanga. Nikasimama upande wa barabara, kati yake na njia, sijui ningezuia nini. Taa za baba zilikuwa zinamulika korosho mbichi zilizoinama mbele yetu. Lori likapita, vumbi likatufunika, kokoto zikanipiga miguuni. Halikupiga honi. Sijui kama lilituona.

"Umeona?" baba akasema. "Amepita vizuri."

"Nimeona, baba."

Akaurudisha usukani barabarani, nami nikapanda nyuma.