Msoma Mita Aliyemwombea Uhai Mbwa Aliyemuuma

Saa tatu asubuhi, Selpher Muhonja anasimama nje ya geti la kijani mtaani Woodley, kitabu cha mita kikiwa kwapani. Hagongi upesi. Anainama na kuchungulia chini ya geti kutafuta miguu minne, kisha anatega sikio. Kimya.

"Anayebweka unajua yuko wapi," anasema kwa sauti ya chini. "Asiyebweka ndiye mimi huogopa."

Anagonga mara mbili. Msichana mdogo anafungua kidogo na kuchungulia.

"Sasa. Mbwa amefungwa?"

"Eeh, amefungwa."

"Umemwona wewe mwenyewe, ama umeambiwa tu?"

Mtoto anarudi ndani kuhakikisha. Selpher anangoja nje, bila kuvuka geti.

Mama huyu wa watoto wawili, mwenye umri wa miaka 38, amesoma mita za maji magharibi mwa Nairobi kwa miaka kumi na mmoja. Kwa siku hupita nyumba karibu themanini, na nyingi kati ya hizo zina kibao cha "Mbwa Kali". Ameumwa mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa mkwaruzo tu. Ya pili, Mei mwaka jana, 2005, ilimwachia kovu kwenye shavu la mguu, na hofu ambayo haijamtoka hadi leo.

Siku hiyo alikuwa Mutuini, kwa Jamleck Kinyanjui, mwenye nyumba za kupangisha. Mita ilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kibanda cha mbwa wao, Bosi. Watoto wa Jamleck, Waringa wa miaka tisa na Ken wa miaka sita, walikuwa wakimchokoa Bosi kwa fito kupitia nafasi za mbao. Selpher alikuwa ameinama kufuta tope kwenye kioo cha mita aliposikia mnyororo ukikatika.

"Mbwa sikumwona. Nilisikia tu mguu wangu unavutwa," anasema.

Hospitalini, muuguzi alikiosha kidonda kwa maji na sabuni kwa robo saa, akamchoma sindano ya kwanza, kisha akamuuliza mbwa yuko wapi.

"Akaniambia, mama, huyo mbwa asiuawe. Afungiwe siku kumi, mmwangalie. Akiugua, rudi mbio. Akimaliza hizo siku akiwa mzima, basi hakuwa na kichaa."

Selpher alimpigia Jamleck simu akiwa bado kitandani. Jamleck alikuwa ameshamwita jirani aje na rungu.

"Nikamwambia, baba Waringa, tafadhali msimuue. Akauliza, 'Kwani aliyeumwa ni wewe ama ni mtu mwingine?'"

Bosi alifungiwa. Kila jioni Selpher alichechemea hadi Mutuini na kusimama mgongo ukiwa ukutani, akimtazama mnyama aliyemrarua. Mchana kazini, koo likimkauka kidogo, aliomba maji kwenye nyumba ya watu, si kwa kiu, bali ajue kama bado anaweza kumeza, maana kichaa cha mbwa humfanya aliyeugua ashindwe kunywa maji.

Siku ya saba mambo yaliharibika. Alipofika kuchomwa sindano ya tatu, aliambiwa chanjo imekwisha. Duka la dawa mjini liliiuza kwa shilingi elfu moja mia nane. Mshahara wake ulikuwa elfu tisa, na kodi ilikuwa imeshaumeza. Akaenda Mutuini moja kwa moja. Beseni la maji la Bosi lilikuwa limejaa pomoni, vumbi likielea juu.

"Hajakunywa tangu jana," Waringa alimwambia.

Selpher akaketi chini palepale. Aliwafikiria wanawe, na nani angewalea. Ndipo alipomwona Ken akiokota jiwe na kulirusha. Jiwe liligonga beseni kwa kishindo, na Bosi akajikunyata hadi pembeni kabisa mwa kibanda.

"Unamrushia kila siku?" Selpher aliuliza.

"Akikuja kunywa," Ken alijibu. "Ndio asitoke."

Selpher hakumgombeza. Alimwomba aweke jiwe chini. Akamtuma Waringa kuleta maji safi na kuyasukuma polepole kwa fito, bila kumkodolea mbwa macho. Kisha wote watatu wakaketi mbali, wakiwa wamemgeukia Bosi kwa ubavu, wasiseme neno. Ken aliambiwa akitaka kukimbia amshike Selpher mkono. Alimshika.

Muda ulipita, mpaka Selpher akaanza kusali kimoyomoyo. Hatimaye pua ilijitokeza. Bosi aliwatazama, akarudi, akatoka tena. Kisha akanywa, na akanywa mpaka beseni likabaki tupu.

"Nililia mbele ya watoto wa wenyewe," anasema Selpher. "Ken akaniuliza, 'Anti, unalia na amekunywa?'"

Siku ya kumi ilimkuta Bosi mzima, na Selpher hakuhitaji tena sindano zilizobaki. Kufikia hapo Waringa ndiye aliyempelekea chakula, akimwacha anuse mkono kwanza, na Ken alikuwa ameacha mawe, ingawa alimtazama kutoka mbali.

Tangu hapo, Selpher haondoki getini bila kuzungumza na watoto kuhusu mbwa wao. Msimguse akila. Msimkimbie. Msimfunge mchana kutwa juani. Baadhi ya wazazi humwambia asome mita aende zake.

Juma lijalo ataongea na wanafunzi wa shule moja ya msingi Mutuini. Mwalimu mkuu amemwomba aje na mbwa, na Jamleck amekubali kumleta Bosi. Kwa siku mbili sasa Selpher hajala vizuri.

"Najua nitatetemeka, na watoto wataona," anasema. "Wacha waone. Waone mtu mzima anaogopa, na bado hajaokota jiwe."