Waliotoroka Waandikwe

Mguu wa kulia wa Rondell Gaskin hautulii. Kaa naye meza moja uone kikombe chako kitakavyotetemeka. Alipokuwa na miaka sita mama yake alichoka, akaufunga kwa mkanda kwenye benchi la kanisa kule Georgia. Ibada haijafika katikati, wa kushoto ukaanza. Kitu kimoja tu kiliwahi kuutuliza: mpira, ule wa Kimarekani wa kugongana. Akishainama kwenye mstari wa mbele, kofia ngumu kichwani, mkono mmoja kwenye nyasi, na mbele yake jitu la kilo mia na arobaini linamtukania ukoo wote, hapo mguu unakaa kimya kama umelala.

Jumatatu ile ya Novemba ulikuwa unagonga sakafu ya ofisi ya Bi. Lindqvist mpaka bakuli la pipi likawa linasogea lenyewe mezani.

"Rondell, mwanangu, huo mguu."

"Samahani."

Bi. Lindqvist alikuwa mshauri wa masomo wa wachezaji pale chuoni. Mama mzuri tu. Alikuwa na vijana mia na kumi wa mpira peke yao, na kila mmoja alimjua jina, dada zake, na mzio wake. Rondell alimpenda. Kwa miaka minne alichukua pipi pale na kusaini kila karatasi aliyopewa.

Juzi yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho. Kabla ya mechi wanatoka mmoja mmoja, wanatangazwa, wazazi wanawapokea katikati ya uwanja, wanapewa maua na jezi iliyotiwa kwenye fremu. Mama yake, Bi. Verlene, alisafiri kwa basi siku nzima mpaka Ohio. Alilia, akashika maua, akapiga picha na kila aliyepita, mpaka na muuza soseji. Picha zilipofika Georgia, kanisa zima likajua kijana amemaliza. Kilichobaki ni mwezi wa tano, avae joho.

"Krediti unazo mia na ishirini na sita," Bi. Lindqvist akasema. "Zimezidi zinazotakiwa."

"Basi nimemaliza."

"Hujamaliza. Huna biolojia ya maabara. Bila hiyo hakuna digrii."

Rondell akacheka kidogo, maana aliikumbuka hiyo maabara. Aliandikishwa mara nne, na mara nne akatolewa. Maabara ni Jumanne na Alhamisi saa nane mchana. Saa nane mchana timu inakaa kutazama video za wapinzani. Kila muhula Bi. Lindqvist alikuwa anasema, "Tutaichukua ujao," halafu anampachika kwenye kozi ya asubuhi. Ndivyo alivyosoma Historia ya Muziki wa Roki. Ndivyo alivyosoma Kupanga Matamasha, na Kutembea kwa Afya, ambayo alipata A. Krediti zilikuwa zinapanda, wastani unatosha kucheza, Jumamosi yuko uwanjani. Nani angeuliza?

"Si niichukue muhula ujao? Msimu utakuwa umekwisha."

Bi. Lindqvist akasogeza karatasi. "Kocha Brubaker amekutafutia sehemu Florida ya kujifua, kwa ajili ya majaribio ya timu za kulipwa. Na Januari anakuja kijana wa Texas, kitanda chako kimeshaahidiwa. Ukisaini hii, unaondoka Desemba na rekodi safi. Wastani wako ni mbili nukta sifuri nne, mwanangu. Ukibaki ukaifeli maabara, unashuka chini ya mbili, unahesabiwa umeshindwa."

"Na nikisaini nahesabiwa nini?"

Akavua miwani, akaifuta. "Huhesabiwi."

"Kivipi?"

"Unatoka kwenye hesabu. Sio umehitimu, sio umeshindwa. Ni kama hukuja."

Nje ya ofisi ile, ukutani, kulikuwa na ubao mkubwa wenye herufi za dhahabu. WANAMICHEZO WETU WANAOHITIMU: ASILIMIA 86. WANAFUNZI WENGINE: ASILIMIA 63. Timu nzima iliupiga kofi ubao huo kabla ya kushuka uwanjani, mila ya toka zamani. Rondell alikuwa ameupiga maelfu ya makofi. Alijua kona ipi imelika, na siku nyingine akipishana na wanafunzi wa kawaida na mikoba yao alijisikia fahari: jamani, sisi ndio wasomi humu.

"Bi. Lindqvist, wale themanini na sita wa pale nje. Ukiwarudisha wote walioondoka na rekodi safi, inabaki ngapi?"

Akamtazama. Akautazama mlango. "Funga huo."

Akafunga.

"Kwenye mpira? Arobaini na kitu."

"Na wale wengine?"

"Wale akiondoka mtu anahesabiwa ameondoka. Yao ni sitini na tatu ya kweli." Akamsogezea bakuli. "Una mpaka Ijumaa. Chukua pipi."

Hakuchukua.

Mezani chakula cha mchana alimkuta Sione Vaipulu, anayecheza ubavuni kwake, na kuku wanane kwenye sinia.

"Umeitwa na wewe?" Sione akauliza. "Mimi nilisaini wiki iliyopita. Florida, mwanangu! Sisi tunaota jua, hawa wenzetu wanakwangua theluji."

"Una krediti ngapi?"

"Mia na kumi."

"Unasomea nini?"

Sione akatafuna, akafikiri. "Masomo ya Jumla."

"Jumla ya nini?"

"Jumla, bwana! Kwani jumla ina ya nini?" Akacheka mpaka meza ikasogea. Halafu akaacha. "Sikia, usianze. Ukianza kuuliza, na mimi nitaanza, na mimi nimeshasaini."

Rondell aliinuka na sinia lake limejaa. Alitembea kutoka bwalo mpaka maktaba, kutoka maktaba mpaka maegesho, akarudi. Alikaa kitandani, akainuka. Akafungua simu kutafuta maabara ya muhula ujao: imejaa. Kulikuwa na mstari mmoja chini. Nafasi ya ziada kwa saini ya Profesa Quintanar tu, aonwe mwenyewe maabara, Jumanne. Kesho.

Simu ikalia mkononi. Mama.

"We mtoto, joho lako wanashona saizi gani? Maana shangazi yako Earline anasema la binamu yako lilimwishia magotini, akaonekana kama kinyozi."

"Mama..."

"Mchungaji ametangaza jana. Watu ishirini na wawili wanakuja. Nimenunua kofia ya njano, ukiiona utaniomba radhi kwa kila ulichowahi kunifanyia."

Alitaka kumwambia. "Saizi kubwa kuliko zote, Mama," akasema.

Jumanne alifika maabara saa nane kasorobo, amepiga hesabu zake: dakika tano saini, dakika kumi mbio, saa nane kamili yuko kwenye kiti chake mbele ya video. Sheria ya Kocha Brubaker ilijulikana mpaka na wafagiaji. Ukichelewa kikao, basi la mechi linakuacha. Na mechi iliyobaki ilikuwa moja, ya ugenini, Jumamosi. Mechi arobaini na nane hakukosa hata moja.

Profesa Quintanar alikuwa mwanamke mdogo, wa kumfika Rondell kwenye mbavu. Alikuwa anapanga chupa.

"Saini? Nikimaliza kuwaanzisha hawa."

"Profesa, nina haraka."

"Ukuta umo humu chumbani, egemea. Ukiondoka nitajua hukuwa na shida."

Wakaingia wanafunzi wa kawaida, watoto wembamba na makoti yao. Kila wawili walipewa chupa ya inzi wadogo wa matunda, waliozimishwa kwa baridi, wawatenge wenye macho mekundu na wenye macho meupe, wahesabu. Saa ya ukutani ilisoma saa nane kasoro dakika nne. Mguu ukaanza. Chupa za rafu ya karibu zikaanza kulia ting'i, ting'i.

"Wewe bwana mkubwa," Profesa akasema, "utawaamsha inzi wangu. Njoo ushike hii."

Akashika. Kwenye kiganja chake chupa ilionekana kama kidonge. Akafungua kizibo jinsi alivyoelekezwa, lakini vidole vile vilizoea kusukuma watu. Chupa ikayumba, na waliokuwa wameanza kuamka wakaruka.

Binti aliyekuwa amepangwa naye, Tamsin, akacheka. "Umewaachia wafungwa wote!"

"Wamebaki wangapi?" Profesa akauliza.

Tamsin akainamia lenzi. "Themanini. Wekundu sitini na wanane. Asilimia themanini na tano. Imetoka vizuri sana, Profesa."

"Chupa ilikuwa na wangapi?"

"Mia."

"Na ishirini wako wapi?"

"Wametoroka. Tuwaache tu, si hatujui walikuwa rangi gani?"

"Waandike." Profesa hakupandisha sauti. "Andika: ishirini wametoroka. Chupa ilianza na mia, karatasi yako ianze na mia. Ukianza na themanini utapata jibu zuri, na utakuwa umenidanganya."

Rondell alibaki ameshika chupa tupu. Saa ilisema saa nane na dakika mbili. Simu ikamtetemeka mfukoni. Sione: *Uko wapi we? Kocha anahesabu viti.* Angeweza kukimbia. Mtu akichelewa dakika kumi na mbili anaweza kusingizia tumbo, na tumbo la mtu wa mstari wa mbele Kocha alikuwa analiheshimu. Alitazama mlango. Alimtazama Tamsin anaandika kwa kalamu ya risasi, polepole: *waliotoroka, 20*.

Akavuta kigoda, akakaa. Kigoda kikalia.

"Hiyo nyingine nipe mimi nihesabu," akasema.

Alihesabu mpaka saa tisa. Alikuwa mzito, aliwachanganya mara mbili, akaanza upya mara mbili. Profesa alipokuja na kalamu akamuuliza, "Miaka minne hapa, ulikuwa wapi?"

"Chumba cha pili kutoka uwanjani, Profesa. Saa hizi hizi."

Akasaini. "Ukikosa mara mbili, nakufelisha. Usije ukadhani ukubwa wako utanitisha."

"Hapana, Profesa."

Alipoingia kwenye kikao ilikuwa saa tisa na robo, video imesimamishwa, vichwa zaidi ya mia vimegeuka.

"Gaskin," Kocha Brubaker akasema. "Ulikuwa wapi?"

Alikuwa amepanga neno la kistaarabu njiani, likapotea. "Nahesabu inzi, Kocha."

Chumba kikapasuka. Mtu nyuma akapiga mluzi. Sione akafunika uso kwa mikono miwili. Kocha hakucheka, na cheko likaisha lenyewe.

"Basi linaondoka Ijumaa saa nne," akasema. "Linabeba waliokuwa hapa saa nane."

"Ndiyo, Kocha."

"Mechi yako ya mwisho hiyo, mwanangu. Na Florida wananiuliza kila siku wewe ni mtu wa namna gani. Niwaambie nini?"

Rondell alijibu kuwa hajui. Na kweli hakujua. Mguu ulikuwa unagonga, na moyo unamwambia kimbia, omba radhi, piga magoti. Akakaa kwenye kiti chake akatazama video ya mechi ambayo hatacheza.

Ijumaa, basi lilipokwisha kutoka getini, alimrudishia Bi. Lindqvist karatasi. Mahali pa saini pako wazi. Juu yake aliweka ile ya Profesa Quintanar.

Mama wa watu akazisoma zote mbili. "Ukifeli utanishushia ubao."

"Na nikifaulu?"

"Ukifaulu..." Akahesabu kichwani, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Hautapanda hata nukta. Utakuwa mmoja tu." Akazitia faili. "Kocha atanijia juu. Kitanda nitakutafutia kwingine. Chukua pipi, bwana, umenichosha."

Safari hii akachukua mbili. Kule nje alipita mbele ya ubao, mkono ukanyanyuka wenyewe kwa mazoea. Akautia mfukoni.

Jumamosi mchana alikuwa chumbani peke yake, hajui akae wapi. Aliwasha televisheni akazima. Simu ikalia, na nyuma ya sauti ya mama yake akasikia ile mechi.

"Rondell! Sikuoni! Natafuta sitini na saba, naona kitoto kimevaa sabini na moja kimesimama mahali pako kinaangushwa kila saa. Umeumia?"

"Sijaumia. Nimeachwa, Mama. Nilikwenda darasani nikachelewa mpira."

"Darasani kufanya nini na wewe umeshamaliza?"

Akamwambia. Maabara, mara nne, krediti za kutembea, karatasi, vyote. Ilimchukua dakika chache tu. Kule kwa mama yake mtangazaji wa mechi alikuwa bado anapiga kelele.

"Kwa hiyo yale maua niliyoshika," Bi. Verlene akasema, "yalikuwa ya nini?"

"Ya mpira."

"Na ya shule?"

"Ya shule bado. Yanaweza kuja mwezi wa tano. Yanaweza yasije, Mama, hilo somo gumu."

"Nimewaambia watu ishirini na wawili."

"Najua."

"Mchungaji ametangaza!"

"Mwambie atangaze tena. Mwambie Rondell bado anasoma."

Akasikia mama yake anavuta pumzi kwa pua, vile anavyofanya akiamua kutomchapa mtu. Halafu akasikia televisheni ya kule inazimwa.

"Kofia nairudisha kwenye boksi lake," akasema. "Dukani hairudi, ikaoze juu ya kabati kama ni kuoza. Lini kipindi cha kwanza?"

"Januari, Jumanne ya pili. Saa nane."

"Nitakupigia saa saba. Na huo mguu nausikia mpaka huku, unanigongea sikio. Acha."

Rondell akautazama. Ulikuwa unagonga kweli, na meza nayo, na kalamu juu ya meza. Akajaribu kuukandamiza kwa mkono, akauachia.